Gharama hiyo kailipa nani?

Kuna maswali ambayo ukiyapeleka msikitini unaambiwa hayo ni mambo ya TRA, ukiyapeleka TRA unaambiwa tafuta mhasibu, na mhasibu naye, baada ya kumlipa, anakugeuzia swali: wewe mwenyewe unataka iwe kiasi gani? Moja ya maswali hayo ni hili la mtu aliyejiajiri ambaye kazi yake anaifanyia nyumbani. Je, anaruhusiwa kutoa gharama za nyumba hiyo katika mapato yake kabla hajakadiriwa kodi? Na kama anaruhusiwa, atoe kiasi gani bila ya kusema uwongo?

Ndugu msomaji asidhani kwamba suala hili ni la wachache wenye kompyuta. Pita Magomeni ya Dar es Salaam au Ngamiani ya Tanga ujionee. Fundi cherehani kaweka mashine ukumbini, mwalimu wa tuisheni anafundisha barazani, dada anaoka keki za harusi kwa jiko lile lile linalopikia futari. Tangu mwaka 2020, mwaka wa corona, wameongezeka na vijana waliogundua kuwa kuchora, kutafsiri au kutunza hesabu za watu wa mbali ni kazi inayofanyika popote penye mtandao. Nyumba zetu zimekuwa viwanda, ila hatujaziandika hivyo mahali popote.

Kwa wengi wa hao, ukweli ni kwamba sheria imeshalimaliza suala kwa njia ya mkato. Tangu mwaka 2019 mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 100 anaweza kutozwa kwa kuangalia mauzo, si faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka huo, mauzo yasiyofika milioni 4 hayatozwi kitu. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Hebu fanya hesabu: mama wa maandazi aliyeuza milioni 5 na kuandika, anatozwa shilingi 30,000. Mwenzake wa nyumba ya pili aliyeuza hizo hizo bila ya kuandika, anatozwa 100,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea mtu shilingi elfu sabini. Na sisi ndio umma ambao aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chake inahusu kuandikiana madeni!

Lakini katika utaratibu huo hakuna anayekuuliza umetumia nini. Unga, mkaa, umeme, chumba, vyote havitazamwi. Kenya nao wana kodi ya mauzo ya namna hiyo, asilimia 3 tangu Julai 2023, kwa mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 za kwao, nayo haitazami gharama. Kama huo ni uadilifu au la ni mjadala wa siku nyingine.

Wanaobaki na swali ni wale waliowekwa nje ya utaratibu huo: waliozidi milioni 100, na watoa huduma za kitaalamu hata wakiwa na kipato kidogo. Hawa lazima watengeneze hesabu kamili, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inawaambia kwamba kinachotolewa ni matumizi yaliyofanyika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee, na kwamba matumizi ya mtu kujikimu yeye na familia yake hayatolewi. Sasa nyumba iko upande gani? Taa moja inamwangazia mtu anayefanya kazi ya mteja na mtoto anayedurusu juzuu yake. Maji ya mtungi mmoja yamekunywewa na fundi na yameoshea vyombo vya chakula cha mchana. Kompyuta yenyewe sheria haikuruhusu kuitoa yote kwa mkupuo, bali asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Je, saa zile ambazo watoto wanaangalia katuni humo, nazo ni za biashara?

Nitatoa mfano ninaoujua kwa karibu. Mkwaja, katika wilaya ya Pangani, kusini kabisa ya mkoa wa Tanga, ni kijiji ambacho zamani ukisema mtu yuko kazini ulikuwa na maana katoka nyumbani: kaenda baharini, kaenda shamba la minazi, au kaenda ranchi ya ng'ombe, ile iliyofungwa mwaka 2000 na ardhi yake kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Nyumbani palikuwa pa kupumzikia. Hivyo ndivyo walivyosema wanaume. Wanawake walikuwa barazani wakisuka ukili, lakini ile haikuitwa kazi, iliitwa kukaa.

Mpwa wangu amerudi huko. Anatunza hesabu za maduka mawili ya Muscat na kutafsiri nyaraka za watu, na analipwa vizuri kuliko alipokuwa ameajiriwa mjini. Anaishi na kufanyia kazi katika nyumba ya mama yangu mdogo, yaani bibi yake. Kijana mwaminifu, hataki kukwepa kodi, na kwa sababu hiyo alinitumia orodha ya matumizi yake ya mwaka niipitie kabla ya kujaza ritani. Vifurushi vya intaneti, sawa. Nusu ya umeme, tutaizungumza. Kisha mstari mmoja ukanisimamisha: pango la chumba cha ofisi, shilingi 100,000 kwa mwezi, shilingi 1,200,000 kwa mwaka.

Nikampigia simu. "Unampa bibi yako laki moja kila mwezi?"

"Hapana, mjomba. Bibi hawezi kupokea, ataona nimemgeuza mpangishaji. Lakini ningepanga chumba Tanga mjini si ningelipa hiyo hiyo? Kwa hiyo ni thamani ya kweli, sijaitunga."

Msomaji asiicheke hoja hii, maana ina nguvu. Chumba kile kina thamani. Kijana anakitumia kutwa nzima, na bila ya chumba hapana mapato. Mwenzake aliyepanga Tanga atatoa milioni na laki mbili katika hesabu zake, na kwa kuwa ngazi ya juu ya kodi ya mtu binafsi ni asilimia 30, atapunguziwa hadi shilingi 360,000. Kwa nini anayekaa kwa bibi yake asipate nafuu hiyo? Anaadhibiwa kwa kuwa na bibi?

Jibu la sheria ni jepesi: gharama ni ile iliyofanyika, na hii haikufanyika. Lakini jibu la sheria halimtoshi mtu anayetaka kujua haki iko wapi. Nadhani jibu la haki linaanza pale kijana anaposema ni thamani ya kweli. Ikiwa ni ya kweli, basi kuna mtu aliyeitoa. Nani?

Chumba anachokitumia ni kile cha mbele, kinachopata upepo wa bahari. Kilikuwa cha mama mdogo. Amehamia cha uani kwa sababu mtandao unashika vizuri mbele. Na baraza lililo chini ya dirisha hilo ndipo yeye na wenzake watatu walipokuwa wakisukia ukili tangu nikiwa mdogo, mazungumzo yao na vicheko vikisikika mpaka njiani. Sasa alasiri kijana anazungumza na watu wa Muscat kwa simu, kelele hazitakiwi. Wasusi wamehamia nyumba nyingine, na mama mdogo, mwenye umri wa kutosha kukaa akatembelewa, anajitwisha miyaa na kwenda kusukia huko. Nilipomuuliza kama linamsumbua alijibu kwa upole, "Mwanangu, nyumba ni ya watoto. Ila ukili wangu siku hizi nausukia kwa watu."

Naam. Yeye pia alikuwa mtu aliyejiajiri anayefanyia kazi nyumbani. Mikeka yake anauza. Mauzo yake hayakaribii milioni 4, kwa hiyo TRA haina habari naye na wala yeye hana habari nayo. Gharama ya ofisi ya mpwa wangu imelipwa na biashara nyingine iliyokuwamo nyumba ile ile, ambayo hakuna aliyeiita biashara. Na sasa inataka kuandikwa katika ritani kana kwamba kailipa yeye.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wanaijua hali ya mama mdogo na mjukuu wake kwa jina lake: ariya, yaani kuazima kitu ukitumie bila ya malipo kisha ukirudishe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, aliyeazima hana ruhusa ya kukikodisha kitu alichoazima. Ameruhusiwa kukitumia tu, manufaa yake hayakuwa mali yake ya kuuza. Sasa mtu aliyeazimwa chumba, kisha akaipelekea serikali hati kwamba chumba hicho kimemgharimu laki moja kwa mwezi na apunguziwe kwa ajili hiyo, ana tofauti gani na aliyeazima mkeka wa jirani akaukodisha harusini? Senti imeingia mfukoni mwake kwa kitu kisicho chake, na mwenye kitu hana habari.

Watakuwapo watakaosema kwamba nachanganya mambo, kodi si zaka, na kwamba aliyeikwepa serikali hajamwibia maskini. Hoja hii nimeisikia mara nyingi barazani, hasa kutoka kwa watu wenye hasira, na wakati mwingine hasira yao ni ya haki: barabara mbovu, zahanati haina dawa, halafu mtoza kodi anakuja na gari jipya. Sitabishana nao hapa kuhusu uhalali wa kodi. Nasema jambo dogo zaidi. Ritani ni ushahidi. Chini yake pana tamko na jina lako kwamba yaliyomo ni kweli. Hata anayeona kodi ni dhuluma hajapewa ruhusa ya kutoa ushahidi wa uwongo, na hasa uwongo unaomtaja bibi yake kama mpokeaji wa fedha ambazo hakuzipokea.

Na kwa kuwa zaka imetajwa, tuitazame, maana wenzetu wa kale walilijadili jambo hili kabla ya kuwapo mamlaka yoyote ya mapato. Mavuno yaliyonyweshwa na mvua zaka yake ni moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa kazi ya kuteka maji ni nusu ya hiyo, moja ya ishirini. Sheria yenyewe imetambua kwamba gharama ina haki yake. Imepokewa pia kwamba masahaba wawili walitofautiana kuhusu mkulima aliyekopa akatumia kwa shamba lake na kwa watu wa nyumbani kwake. Ibn Umar aliona kwamba alipe kwanza alichokopa, kisha atoe zaka ya kilichobaki. Ibn Abbas aliona kwamba alipe kile alichotumia kwa shamba tu, kisha atoe zaka ya kilichobaki. Mmoja kaliweka shamba na jiko pamoja, mwingine kavitenganisha. Imam Shafi na wafuasi wake wakaenda mbali zaidi, wakasema gharama za mkulima hazipunguzwi kabisa, kwa kuwa nafuu imeshatolewa katika kiwango.

Mimi kinachonivutia katika tofauti hiyo ni kile ambacho hawakutofautiana. Hata Ibn Umar, mwenye rai pana kuliko wote hapo, alikuwa akizungumzia deni. Kuna mtu anadai. Fedha itakayopunguzwa ina mwenyewe, itatoka mkononi mwa mkulima iende kwake. Katika masimulizi hayo sikuona gharama isiyo na mdai.

Wenzetu wa nchi tajiri wamelikabili suala hili kwa kulikwepa. Uingereza tangu mwaka 2013 imeweka viwango maalumu kwa waliojiajiri: ukifanya kazi nyumbani saa 25 hadi 50 kwa mwezi unatoa pauni 10, saa 51 hadi 100 pauni 18, zaidi ya hapo pauni 26. Hakuna kupima taa. Marekani inaruhusu dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, lakini kwa sharti gumu kwamba sehemu hiyo itumike kwa kazi tu na kwa kawaida. Huko palikuwa na kesi maarufu ya daktari wa usingizi aliyeitwa Soliman. Alifanya kazi hospitali tatu, hakuna iliyompa ofisi, akawa anaandika hesabu na kusoma katika chumba cha akiba nyumbani kwake. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilimnyima nafuu kwa kuwa kitovu cha kazi yake kilikuwa hospitalini. Kelele zikapigwa, na mwaka 1997 bunge lao likalegeza sheria.

Sheria yetu haina kiwango kama hicho cha chumba cha nyumbani, na wako wahasibu wanaoomba kiletwe. Nami nakubali kwamba kingewapunguzia watu uwongo mdogo mdogo. Lakini tazama jinsi taratibu zote hizo zinavyoichukulia nyumba: kama mali ya yule mmoja anayejaza fomu. Futi za mraba zinapimwa, aliyehamishwa kutoka kwenye hizo futi hapimwi.

Kwa pwani yetu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu nyumba nyingi ni za wanawake. Binti karithi, au kajengewa na wazazi, na mume kaingia. Mali ya mke katika Uislamu ni yake, haiyeyuki katika ndoa, na wajibu wa makazi uko kwa mume. Sasa huyo mume akifungua ofisi katika nyumba ya mkewe, akaandika pango katika hesabu, mke hajapata shilingi. Ninao jamaa wawili wa namna hii mjini Tanga, watu wa swala tano, na mmoja alishangaa kweli nilipomuuliza kama mkewe anajua kwamba kwenye karatasi yeye ni mwenye nyumba anayepokea laki mbili kwa mwezi. Upande wa pili nao upo: mke anayeoka keki kwa LUKU iliyonunuliwa na mume hawezi kuiita gharama yake. Ni nafaka ya mume, imeingia kwenye tanuri. Akitaka iwe gharama yake, ainunue yeye.

Hiyo LUKU ndiyo mahali ambapo serikali imeingia nyumbani kimya kimya. Wajerumani mwaka 1897 walipoweka kodi ya nyumba katika koloni lao hili, walihesabu paa, na kila paa lilidaiwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Anayeweka umeme ndiye anayekatwa, awe mwenye nyumba, mpangaji au mjukuu. (Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kodi, kwa anachochukua mwenye nyumba na anachochukua mwenye nchi. Labda waliotuachia lugha waliona hakuna tofauti.)

Kwa mpwa wangu, umeme ndio uliokuwa rahisi kuusuluhisha. Unanunuliwa na yeye kwa simu yake, ujumbe wa malipo upo, kwa hiyo gharama kailipa. Tulihesabu saa za kompyuta na feni dhidi ya jokofu, taa na televisheni ya bibi, tukafika theluthi moja, si nusu. Alinung'unika kidogo. Nilimwambia mwenye kupunja kipimo hapunji kwa gunia, anapunja kwa kidole.

Pango nilimwambia ana njia mbili. Alifute, au alilipe. Akililipa kweli, kila mwezi, kwa njia inayoonekana, lina haki ya kuandikwa kwa kiasi cha kazi inayofanyika humo, na bibi yake awe na fedha mkononi. Alisema tena kwamba bibi atakataa. Nikamwambia fedha atakataa, lakini hajaulizwa kuhusu baraza. Mabati kumi na miti ya mikoko iliyokatwa kwa kibali, upande wa uani panapopata kivuli alasiri, ingekuwa sehemu ya watu wanne kusukia bila ya kumsumbua mtu wa Muscat. Hilo TRA hawatamkubalia kama gharama ya kuzalisha mapato, nami sikumficha.

Amelifuta pango katika hesabu. Ritani ya mwaka uliopita mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na ya kwake iko tayari. Kuhusu kibanda cha uani alisema atalifikiria baada ya kulipwa mwezi ujao, na kwamba mabati yamepanda bei.